Mjane Alipofungua Dansi

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asinisifu bure. Bendi yetu ilianzia mtaa wa Hewa Bora, katika chumba cha nyuma cha fundi cherehani, babu wa mpiga ngoma wetu, kwa sababu kwingine kote majirani walitufukuza. Tulikuwa wanne: mpiga ngoma, wa gitaa, wa besi, na mimi mwimbaji, msichana peke yangu. Amplifaya aliiunda wa gitaa kwa mabaki ya redio, na ilikuwa na tabia ya kunipiga shoti mdomoni kupitia maikrofoni. Tukaivalisha maikrofoni soksi. Niliimba nikiwa nimefumba macho, watu wakadhani ni hisia. Ulikuwa woga mtupu.

Lakini kuna kitu nilichokiogopa kuliko shoti: baba yangu. Anaongoza kwaya ya parokia yetu, ninamoimba na mimi, wala hana haja ya kupandisha sauti ili umtii. Tulipopata kazi yetu ya kwanza, kupiga muziki kwenye sherehe ya kuondoa matanga kule mtaa wa Bel-Air, alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Wende,” akasema. “Lakini mujane akibakia kwa kiti, bendi imeisha. Hatutaongea tena.”

Alijua anachosema. Kwetu siku hiyo mjane huvua nguo nyeusi, anavaa kikwembe kipya cha kitenge, naye ndiye anayefungua dansi. Asiposimama, hakuna anayecheza, na lawama ni za wanamuziki. Nani atawaita tena walioshindwa kumwinua mjane? Usiku wa kuamkia sherehe sikulala, nikirudia maneno ya wimbo wetu.

Mchana ule tulikuta uwanja wa nyumba umejaa. Mjane alikaa mbele, mama mnene aliyetulia, mikono magotini. Wa gitaa akaanza utangulizi, nami nikafungua mdomo, na hapohapo umeme ukakatika. Gitaa kimya. Besi kimya. Mpiga ngoma tu ndiye aliyeendelea, maana ngoma haiombi umeme.

Watu wote walinitazama. Maneno ya wimbo wetu yalinitoka kichwani yote. Nilitaka kukimbia, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaimba kile ambacho ulimi uliweza kukipata wenyewe, na sikujua ni nini mpaka nilipomaliza mstari wa kwanza.

Ulikuwa wimbo wa maziko. Ule ambao kwaya yetu huimba jeneza likishushwa, na kila Mkatoliki wa mtaa ule anaujua. Nilikuwa nawarudisha makaburini siku waliyokuja kuyaaga. Mama mmoja akashika kichwa.

Sasa, mpiga ngoma wetu ni Mwislamu, watu wao walitoka Maniema, kwenye Waislamu wengi. Hajawahi kuingia kwenye misa ya maziko. Kwake ulikuwa wimbo wa polepole tu ambao nimesahau kumfundisha, akaona auchangamshe. Akaupiga kama harusi, huku akinitabasamia kunitia moyo. Nilimkodolea macho aache. Akazidisha.

Mjane akasimama. Nilijua anakuja kunizaba kofi, na nilikuwa tayari kulipokea. Alipofika karibu nikanyamaza.

“Usikate,” akasema. “Bwana yangu alipendaka dansi kupita misa. Endelea, mwanangu.”

Akacheza. Alikuwa analia na kucheka, mabega yakienda na ngoma, na nyuma yake wakainuka dada zake, kisha uwanja mzima. Niliimba wimbo wa maziko hadi umeme uliporudi, na hata hapo hawakutaka tubadilishe. Ndipo nikamwona baba, amesimama getini. Furaha yote ikanitoka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele.

“Ule wa ngoma,” akauliza mwishowe, “iko mukristu?”

“Hapana, papa.”

“Njo maana.”

Akasimama kando ya barabara akacheka mpaka akashika kiuno. Sikuthubutu kucheka naye.

Jumapili nilipofika kwenye mazoezi ya kwaya kabla ya misa, nilikuta msichana mwingine amesimama mahali pangu katika sauti ya kwanza. Nikamtazama baba. Alikuwa anapanga karatasi zake, hakuinua uso.

“Bale benzako ba bendi banakungojea,” akasema. “Huku tuko bengi. Kule hakuna mwingine.”

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikalia. Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba bendi ikishindwa, nitarudi kwenye kwaya. Sasa hapakuwa na pa kurudi, na sijawahi kuogopa vile.