Kambare Walioandikishwa

Mvua kubwa zikianza, kambare hutoka Ziwa Nakivale na kuupanda mto Rwizi kwenda kutaga. Kazi yangu ilikuwa kuwatega mtoni wanapoanza kupanda, kuwahesabu, kuwakata ncha ya pezi na kuwaachia waendelee. Bwana Samaki, ofisa anayetujia kwa pikipiki kutoka Mbarara, alitaka kujua kama bado wanafika juu. Tukatangaza kambini kwetu wakimbizi, hata kanisani: atakayevua huko juu kambare mwenye pezi lililokatwa atuletee, apewe sabuni.

Wapi! Hakuna aliyeleta. Bwana Samaki akaanza kusema mto umechafuka, samaki hawafiki tena, tufunge kazi. Nilimkasirikia kana kwamba ametukana ukoo wangu. Mama yangu yuko Burundi, kando ya Ruzizi, amezeeka, na kila tukiongea kwenye simu anauliza nakuja lini. Siwezi kwenda. Watu walionikimbiza bado wako pale pale, wanapita mbele ya mlango wake. Basi nilitaka angalau samaki wafike kwao.

Siku moja nikaufuata mto kwenda juu, mpaka shamba la jirani yangu, mama mtu mzima wa kwetu Ruzizi, ila upande wa Kongo, tunayesali naye. Nikamkuta ndani ya maji, kitenge kakifunga kiunoni, anatoa kambare mtegoni. Pezi limekatwa! Kabla sijafungua mdomo, akamrudisha mtoni.

"Yezu wangu! Mama, unafanya nini?"

"Huyu bameisha kumuandika. Hauone alama? Ni kama sisi, vile batutiaka wino ku kidole wakati ya kuandika bakimbizi. Ni mutu wa safari. Nitamukula namna gani?"

"Na wengine?"

"Bote tunabaachaka. Majirani pia."

Nikacheka, nikagomba, nikacheka tena. Kumbe walikuwa wanafika siku zote hizo! Nikamkumbusha kwamba tunawataka, na sabuni ipo.

"Nikuletee," akasema, "halafu akose kufika kwao?"

Mtegoni alibaki mwingine, naye amekatwa pezi, tena kwa mkono wangu. Ndoo ilikuwa karibu. Ningempeleka, Bwana Samaki angeamini papo hapo na kazi yangu ingepona. Nilimshika kwa mikono miwili, mzito, anajipinda kuelekea juu.

Nikamwachia. Bwana Samaki aniamini kwa mdomo, au aache.

Yule mama akaniuliza mbona nalia. Sikuwa na la kuficha. Nilimwambia namtaka mama yangu.