Siku Niliyombeba Mama Mkwe kwa Ajili ya Riba

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, ila kwa kuwa Nyakakika nzima wameshalijua, bora nanyi mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu pale Bugene. Nilinunua hisa kwa simu, zikapanda, nikaongeza, zikapanda tena, nikawa siambiliki. Mke wangu Edina akanionya, "Baba Koku, siku hizi hata kinyozi anashauri watu hisa za kununua, mimi naogopa," nikamjibu kwamba woga wake ndio unatuchelewesha (Mungu anisamehe).

Likizo ilipofika nikaenda ukweni, huko Nyakakika, kumshawishi baba mkwe auze ng'ombe wake wote anunue hisa, na mzee akakubali! Mnunuzi akaitwa, akawa anawakagua zizini, sisi tuko sebuleni tunasikiliza redio, maana benki kuu ilikuwa inatangaza uamuzi wake wa riba, na mimi (mtaalamu!) nilishawahakikishia kwamba riba ikipanda na hisa nazo zinapaa.

Redio ikasema riba imepanda.

Nikaruka, nikapiga kelele "Tumetajirika!", nikamnyanyua aliyekuwa karibu nikamzungusha, kumbe ni mama mkwe, ambaye miaka minane ya ndoa sijawahi hata kumpa mkono, namsalimia kwa mbali nimeinamisha macho kama inavyotakiwa, na leo nimembeba juu juu, kanga yake iko begani kwangu, anapiga yowe kwa kilugha, "Mawe! Mawe!", yaani mama yangu!

Shemeji yangu Deo alikuwa ameshika simu yangu. "Shemeji," akasema taratibu, "mbona hizi zinashuka?"

Nikamweka mama mkwe chini.

Kumbe riba ikipanda watu wengi wanakimbizia hela benki, hisa wanazikimbia. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba mkwe akatoka hadi mlangoni, akamwita mnunuzi, "Bwana, nenda salama, siuzi tena," kisha akanigeukia.

"Mkwe, ng'ombe wangu wakishuka wanakwenda kunywa maji, jioni wanapanda wenyewe. Hizo zako nani atazirudisha?"

Nyumba ikaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mama mkwe, huko chumbani alikokimbilia, mpaka nami nikacheka machozi yakanitoka.

Hisa bado ninazo, navumilia. Ila siku ya kutangazwa riba najifungia chooni na redio yangu, peke yangu, mahali ambapo hakuna mkwe wa kubebwa.