Mkwe Wangu Svetolik na Nyota Zilizokuja kwa Redio

Mkwe wangu Svetolik alihamia kwangu na sanduku moja la nguo na bomba la maji machafu. Bomba lenyewe alilitia vioo, likawa darubini. Hapa Paraćin, mji wetu wa Serbia, mwanamume anayekwenda kukaa kwa wakwe huchekwa mpaka anaota mvi, lakini yeye hana habari. Asubuhi anaendesha gari la mkate, jioni macho juu. Jirani akiniuliza, "Mama Stamena, huyo mkweo anatafuta nini huko?" namjibu, "Anachotafuta kiko juu. Wako tunamwokota chini ya meza."

Mwaka ule wa nyota yenye mkia akaunga kompyuta kwa mikono yake, akaifunga kwenye televisheni yangu bila kuniuliza. Alitaka imchoree ramani ya mbingu aipate hiyo nyota. Kumbe kompyuta haijui nyota hata moja! Lazima uiambie: hii iko hapa, ile kule, hii inawaka sana, ile kidogo. Akaandika barua Belgrade, akaandika Zagreb. Wakamletea makaratasi yamejaa tarakimu kama sisimizi. Akawa anaziingiza kwa vidole viwili. Umeme ukakatika, mashine ikasahau zote. Akaanza upya. Ukakatika tena.

"Mama," akaniambia, "bora ningekuwa natafuta viazi."

Halafu akasikia kwamba redio ya vijana itazirusha hewani. Ndiyo, nyota, kwa redio. Siku zile walikuwa wanarusha mlio, wewe unaunasa kwenye kaseti, kompyuta inausikiliza na kuelewa. Mimi sikuamini, na nikamwambia siamini. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaziingiza zote, na zingerushwa Jumamosi saa sita mchana, mara moja tu.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yangu.

Siku hiyo hualiki mtu. Anayejua anakuja, na anayekuja humrudishi. Na redio inayoshika vizuri ni ile yangu kubwa, chini ya picha ya mtakatifu, nayo haina tundu la waya. Kinasa sauti lazima kikae mbele yake, na kinanasa kila kitu, hata porojo za wageni.

"Dakika saba za kimya tu, mama," akaniomba.

"Kimya? Leo? Watu watasema tumefiwa."

"Zikinipita hizi nitaandika kwa vidole mpaka kiangazi. Nyota itakuwa imekwenda, na haitarudi mpaka sote tumeshazikwa."

"Mkubalie, mama," akasema binti yangu Ljubinka.

"Nimekataa," nikasema, nikachukua bakuli nikaenda kusimama mlangoni.

Kwetu mgeni, kabla ya yote, anapewa kijiko cha ngano ya baraka, iliyochemshwa na kutiwa sukari. Nyumba ni yangu. Mimi ndiye ninayeamua kijiko kiwe cha namna gani. Nikatoa kile cha kugawia supu. Mmoja mmoja nikawajaza vinywa. Wakaketi safu moja kando ya ukuta, mashavu yametuna, huku redio inapiga kelele kama nguruwe aliyeona kisu.

Akafika Budimir, kumu wetu, yaani msimamizi wa ndoa ya Ljubinka. Kumu hanyamazishwi na mtu. Tena huyu ni wa reli, amezoea kushindana na treni.

"Mwenye nyumba, sikukuu nje—"

Nikamjaza.

"Mama Stamena, mbona—"

Nikamjaza.

"Nani anachinja ngu—"

Cha tatu kikaenda kombo. Akakohoa mara moja, vioo vya madirisha vikatetemeka. Svetolik akashika kichwa.

Mlio ulipokwisha, akaipa kompyuta kaseti ile. Tukasimama wote, hakuna aliyegusa pombe yake ya rakia. Kitone kikatokea kwenye televisheni, kikafuata kingine, vikajaa.

"Dubu Mkubwa yule! Mwindaji yule!" Svetolik akapiga kelele. Kisha akasogeza pua mpaka kwenye kioo. Pembeni kulikuwa na nyota moja nene kama kifungo cha koti. "Hiyo mbinguni haipo."

Wote wakamgeukia Budimir.

"Ndiyo mimi hiyo?"

"Ndiyo wewe, kumu. Umekohoa hapo."

Svetolik akanyoosha kidole aifute.

"Thubutu! Unafukuza mgeni siku ya mtakatifu?"

"Kumu, ramani itakuwa na uongo."

"Gazeti lina uongo kila siku na unalinunua."

Svetolik akaniangalia mimi.

"Aliyeingia mlango huu leo hatolewi," nikasema. "Supu inapoa."

Jioni, giza lilipoingia, alitoka uani na bomba lake na ramani ile, akaigeuza hivi, akaigeuza vile, mara akapiga ukelele majirani wakafungua madirisha. Ameipata nyota yenye mkia! Budimir kwa cheo chake akatangulia kuchungulia, akakaa hapo muda mrefu, jicho moja kalifumba.

"Ni kadogo," akasema. "Yangu kubwa zaidi."