Siku Koku Alipomwigiza Baba Yake Ijumbi

Aibu hii nimeificha miezi mingi, lakini kwa kuwa Ijumbi nzima inaijua, sioni ninachookoa tena.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Ijumbi, Muleba, ila familia yangu iko Kitendaguro, Bukoba, na wakati huo nilikuwa nasoma saikolojia kwa njia ya masafa (msomi kabisa, mpaka miwani nilinunua). Mkuu wetu wa shule, Madam Domina, alinipa mada kwenye mkutano wa wazazi, na nilijua nikifanya vizuri cheo cha mwalimu wa taaluma ni changu. Basi akili yangu kubwa ikaniambia: nenda na binti yako Koku, miaka mitano, awe mfano hai.

Nikasimama mbele, nikatema elimu. "Wazazi, kuna wataalamu waliosema tabia hujengwa na tuzo na adhabu tu: mpe mtoto pipi atarudia, mchape ataacha. Wengine wakasema hapana, mtoto anafikiri, anakumbuka, anatarajia. Nadharia ya kujifunza kwa kuiga ikachukua huku na huku: mtoto anakutazama, anahifadhi kichwani, akiona kuna faida anakuiga, na ndivyo anavyokuwa mtu wa namna fulani!"

Makofi. Nikavimba.

"Koku, waoneshe wazazi Tata, baba yako, anavyofanya nyumbani."

Nilitegemea ashike kitabu. Koku akakaa kitini, akanyoosha miguu, akaweka kiganja sikioni kama simu, akakohoa kama mtu anayekata roho. "Halo, Madam? Siji kwenye kikao. Niko Maruku, tunamzika baba mdogo." Akashusha kiganja, akageukia ukuta kama anatazama televisheni: "Gooo! Mama Koku, lete senene nitafune!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mimi, mtaalamu, nikamnong'oneza, "Nyamaza, nitakununulia biskuti." Sasa mtoto huyu aliwahi kufanya igizo hilo hilo nyumbani, nikacheka mpaka machozi nikampa biskuti, kwa hiyo aliposikia biskuti alijua hasa kinachotakiwa, akarudia tangu mwanzo, safari hii akamzika na shangazi.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akashika kichwa, akamaka kwa Kihaya: "Mawe! Na shangazi naye?"

Madam Domina hakucheka. Alisimama taratibu. "Mwalimu, pole sana kwa msiba. Baba mdogo anaendeleaje?"

Na mimi, kwa kihoro, nikajibu: "Hajambo, Madam, anakusalimia."

Jumatatu niliandika barua ya maelezo, kurasa mbili, na cheo akapewa mwalimu wa jiografia, mtu asiyejua nadharia hata moja lakini vikaoni anafika.

Ila kilichonimaliza kilikuwa jioni ile ile ya mkutano, tuliporudi Kitendaguro na mke wangu akauliza, "Mkutano ulikuwaje?" Nikafungua mdomo niseme ulikwenda salama, nikamwona Koku ananikodolea macho, anahifadhi.

"Nimeaibika, Mama Koku," nikasema. "Kaa nikueleze."

Tangu siku hiyo, kikao nisichotaka kwenda nasema sitaki, nasemwa, maisha yanaendelea. Ukweli una gharama zake, lakini nina binti mmoja tu, na mtu wa karibu wa kumwiga ni mimi.