Panya wa Ngitili ya Baba

Enzi zetu huku Bugarama, kabla mabonde hayajajaa maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, kila mji wenye ng'ombe ulikuwa na ngitili yake: kipande cha nyika kinachofungwa mvua zikianza, nyasi zikue, kisha kifunguliwe kiangazi malisho yakiisha. Kuingia humo kabla ya wakati ilikuwa kutafuta viboko. Basi sisi watoto tuliingia kila siku, mifuko imejaa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitambaa kwa matumbo.

Tulimfuata panya mmoja mdogo, hazidi kidole gumba, mwenye mstari mweusi mgongoni. Alisuka kiota cha mviringo kwenye mabua ya nyasi, kisafi kuliko vitanda vyetu.

Kiangazi kimoja, siku ya kufungua ngitili, dada yangu Kabula aliketi katikati ya njia, ng'ombe wote mbele yake, akilia kwamba kiotani kuna vichanga. Baba alikuwa mkali. Hata mbwa walimwamkia. Tukajua leo dada analo.

"Kabula, ng'ombe wafe njaa kwa ajili ya panya?"

"Bhabha, hawajafumbua hata macho!"

Baba akamtazama, akawatazama ng'ombe, akashusha pumzi. Kisha akakata matawi ya miiba, akaizungushia ile pembe yenye kiota. Kijiji kizima kilicheka. Akifika kilabuni anaulizwa kama panya wake wameshaanza kukamuliwa. Hakuondoa hata tawi moja mpaka vichanga vilipohama.

Juzi alikuja binti mtafiti na mitego yake, akatuambia panya huyo hapatikani popote duniani ila Tanzania, na anazidi kupungua. Kumbe tulikuwa jirani na mheshimiwa! Nikawakokota wanangu hadi ngitili ya mjomba, maana ya baba imechimbwa yote. Vijana wa leo bwana! Waliogopa kupe, wakauliza kama kuna mtandao, lakini wakatambaa. Tulipekua mpaka magoti yakachubuka. Hatukuona kiota.

"Mama, kwa huyo panya umetupiga fiksi," alisema kitindamimba wangu.

Wakacheka, nami nikacheka, ila roho iliniuma. Zamani jua likizama, mama ndiye aliyetuita tutoke nyasini. Sasa wanangu ndio waliokuwa wakiniita mimi, na mimi sikutaka kutoka.