Jinsi Neno "Kondakta" Lilivyokaribia Kuninyima Mchumba

Marafiki, naandika kuwajulisha kwamba leo, hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nusura ninyimwe mchumba kwa sababu ya neno moja.

Mjomba alinitambulisha kwa Mzee Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeishi hapa, baba yake Masika, msichana ninayemchumbia: "Kijana huyu amesomea makondakta chuo kikuu."

Mzee akaweka glasi chini.

"Miaka yote ile ku masomo, ni juu ya kukata tiketi mu basi? Mutoto yangu hawezi kuolewa na kondakta!"

Masika akainamisha uso. (Alikuwa anacheka, naapa.)

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Mzee, kondakta wangu ni fuwele nyeusi, kijiwe kisicho na metali, lakini hupitisha umeme. Naiweka ndani ya sumaku kubwa, naipigia mawimbi ya redio. Viini vya atomi zake huitika kwenye kituo chao, kama stesheni ya Bukavu katika redio yako. Usumaku wa ndani ukibadilika, kituo husogea. Hapo ndipo ninapoupima."

Mzee akaigeukia redio yake mezani.

"Kumbe unasikilizaka mawe!" akasema Mzee, akinisogezea kiti. "Na Bukavu yenyewe inasumbuaka kushika!"

Sijawahi kuionea fahari elimu yangu namna ile.

Mwenye neno bora kuliko "kondakta" anipatie upesi, kwani mahari itazungumzwa hapa kwa Mzee Jumamosi, saa tatu asubuhi. Njooni.