Nilivyowapika Usipa Nikimtafuta Mungu

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nilitoka nyumbani kwetu Namswea nikiwa na begi la shule mgongoni, mfuko wa maharage ya Shangazi mkononi, na uongo wa miezi minne moyoni. Huo uongo ndio ulionitoa.

Ulianza mwezi wa pili. Mwalimu Kapinga, katekista wetu, aliwauliza vijana wa kigango nani ana desturi ya kukaa kimya na Mungu, peke yake, kila siku. Wote wakatazama sakafu. Mimi hutazama sakafu siku zote, kwa hiyo sikubadilika, naye akadhani ni unyenyekevu.

"Agnela, wewe unakaa?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana kusema hapana mbele za watu kungehitaji maelezo.

"Hata nusu saa?"

Nikaitikia tena. Ndiyo hivyo, nikawa mfano wa kuigwa.

Ukweli ni kwamba kila asubuhi hupiga magoti kando ya kitanda, nikalaza kichwa kwenye godoro, nikasinzia. Mama akichungulia, anarudisha mlango polepole asinisumbue. Jumuiya nzima ina habari zangu.

Sasa, likizo ya Juni hii, Mwalimu ametangaza mafungo ya vijana Jumapili. Nusu saa ya ukimya itaongozwa na Agnela, ambaye kwanza atawaeleza wenzake huwa anafanyaje. Nikamwomba Mama niende ziwani kwa Shangazi Tekla, dada yake Baba aliyeolewa huko, nikasali kwa utulivu. Mama alifurahi mpaka nikaona haya. Mpango wangu ulikuwa kujifunza kwa siku mbili kile ninachosifiwa nacho kwa miezi minne.

Saa mbili asubuhi, Mbinga mjini, nilipata gari la kushuka Mbamba Bay. Mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alikaa pembeni yangu.

"Unakwenda msibani, binti?"

"Hapana, mama. Nakwenda kusali."

"Kwani huko kwenu Mungu amehama?"

Kiti cha nyuma wakacheka. Nikageukia dirisha. Mashamba ya ngolo yalikuwa yanapita, yale mashimo yetu mlimani yaliyojipanga kama sega la nyuki, halafu yakaisha, ikaja miti mikavu, ikaja kona juu ya kona, na joto. Nilivua sweta. Kona moja baadaye ziwa likajitokeza lote kwa mara moja, likametameta kama bati jipya, na mama wa vitunguu akanigusa bega: "Haya, mwambie Mungu umefika."

Saa saba mchana pikipiki ilinishusha kijijini kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sweta la nini huku, umetuletea baridi yenu?" Alipokea maharage, akanisikiliza shida yangu, yaani ile nusu ninayoweza kuisema, akaangua kicheko. "Kukaa kimya! Wewe? Tangu uzaliwe umesema maneno mangapi? Ungekuja kujifunza kupiga kelele."

Jioni ile nilitafuta upweke. Nilijaribu nyuma ya jiko, kuku wakaja. Nilijaribu kwenye jiwe kubwa ufukweni, na hapo ndipo nilipojua kwamba huku mtu akikaa peke yake anahesabiwa mgonjwa. Kila mama aliyepita na sufuria zake alinisalimia, akaulizia wazazi, kahawa, mvua, kisha akauliza ninaumwa nini. Wa tatu alirudi na kikombe cha uji. Niliunywa. Sala haikuanza.

Jumamosi saa tatu asubuhi Shangazi alikuwa anakwenda kumwona jirani aliyejifungua. Alinipeleka kwenye vichanja vyake viwili vya usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, wametandazwa wanang'aa.

"Kimya chako hiki hapa," akasema. "Kazi ni moja tu, kunguru."

Nikafunga macho. Baba yetu uliye mbinguni, kunguru. Jina lako litukuzwe, kunguru wawili. Nilikimbia, nikarudi, nikaanza upya, na kila nilipofika kwenye mkate wa kila siku nilikuta wao wamekwishaupata.

Ilipofika saa sita jua lilikuwa kali kweli. Hapo nikakumbuka kwetu. Kahawa iliyokwisha kumenywa tunaianika kwenye vichanja hivihivi, na jua la mchana likizidi tunaifunika isipasuke. Turubai lilikuwa pale pale, limekunjwa. Nikalitandaza juu ya kichanja cha kwanza, nikalibana kwa mawe pande zote. Kichanja cha pili turubai halikukitosha, nikakifunika kwa chandarua chakavu kilichokuwa kando. Kunguru walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakanitazama kwa chuki. Nilijiona nina akili kuliko Ziwa Nyasa zima.

Nikakaa kivulini, nikafunga macho, na sikusinzia.

Nilimwambia Mungu habari ya kile kichwa nilichoitikia nacho. Nikamwambia naogopa Jumapili, naogopa uso wa Mwalimu, naogopa Mama atakavyonyamaza. Hakuna sauti iliyonijibu, maji tu yalikuwa yanakuja na kurudi, ila sikutaka kuondoka. Sijui nilikaa muda gani. Kilichonitoa kwenye sala ni harufu.

Shangazi naye alikuwa amefika. Aliinua ncha ya turubai, mvuke ukampiga usoni.

"Agnela. Umewapika."

"Shangazi, kahawa mchana huwa tunafu..."

"Kahawa! Kahawa ina utumbo?" Akamgeukia mama aliyekuwa anapita njiani. "Mama Oska! Njoo umwone Mmatengo wa milimani amewafunika usipa wasiungue na jua!"

Mama Oska alikuja, akaona, akakaa mchangani kwa kucheka. Shangazi alicheka naye, kisha akaacha. Akaanza kuzoa kile kichanja kizima ndani ya beseni, kitoweo cha wiki nzima, akawapelekea bata. Nilianza kulia, na machozi yalipotoka, na uongo ukatoka wote.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wewe Mungu humwoni mpaka ufumbe macho?"

"Ndiyo wanavyosali watu, Shangazi."

"Mimi nikifumba hapa, nyumba itakula nini?" Akatoa chandarua kwenye kichanja cha pili, akaanza kuwageuza samaki. "Baba, asante kwa siku hii... shii, toka!... na kwa mtoto wa jirani, mpe nguvu... shii!... na huyu mwongo wangu umkumbuke kesho."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasali kweli. Nikasimama upande wa pili, nami nikageuza. Baada ya hapo hatukusema kitu kwa muda mrefu, isipokuwa shii.

Saa tisa alasiri nilipanda gari la kurudi, na abiria waliniachia nafasi kubwa kwa sababu ya harufu. Nyumbani Mama aliuliza, "Umesali?" Nikasema, "Nimesali." Ilikuwa mara ya kwanza jibu hilo kuwa kweli.

Leo Jumapili, alfajiri, niliamka kabla ya kila mtu. Sikupiga magoti kando ya kitanda, nalijua hilo godoro. Nilikwenda kwenye vichanja vya kahawa, nikafunua turubai, nikageuza kahawa macho wazi mpaka vidole vikafa ganzi, nikimwambia Mungu ninachokwenda kufanya ili nisije nikakimbia. Kisha nikaenda kwa Mwalimu Kapinga, nikabisha hodi kabla sijabadili mawazo.

"Shikamoo, Mwalimu. Ile nusu saa, huwa nalala."

Alikuwa na mswaki mdomoni. Aliutoa. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Alinitazama, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikutazama sakafu. "Basi utawaambia wenyewe," akasema. "Hivyohivyo."

Baada ya misa nilisimama mbele ya vijana wote. "Mimi Agnela," nikasema, "nikisali huwa nasinzia."

Halafu benchi la nyuma mtu akasema, "Hata mimi!"

Walipomaliza kucheka, niliwaambia wafumbue macho, tukaanza.